Ushirika wa Mara na mwanasheria wa ndani: Nani anasoma mkataba kabla ya muhuri kugongwa?

Aprili 28, 2025, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Benki ya Ushirika Tanzania, iliyotokana na kuunganishwa kwa Benki ya Ushirika Kilimanjaro na Benki ya Jamii Tandahimba. Vyama vya ushirika vina asilimia 51 ya hisa. Kwa mkulima wa pamba wa Kiriba, Musoma Vijijini, na kwa mwenye duka la pembejeo wa Bunda mjini, habari ile ilikuwa na maana moja ya karibu. Fedha ambazo zamani chama kilizifuata kwa kupiga magoti kwenye benki za wengine, sasa zinaweza kutafutwa kwenye benki ambayo vyama vyenyewe vina sauti.

Ni jambo la kheri. Lakini mkopo, hata ukitoka kwa ndugu, huja na karatasi. Kuna mkataba wa mkopo, hati ya rehani, barua ya dhamana, na mara nyingi mkataba mwingine na mnunuzi wa zao ambaye fedha zake ndizo zitakazolipa deni. Karatasi hizo huletwa zikiwa zimeshachapwa. Mwenyekiti na meneja wanaonyeshwa mahali pa kuweka saini, muhuri unagongwa, watu wanapeana mikono na soda zinanywewa.

Swali ni nani, kwa upande wa chama, amezisoma kabla ya hapo. Chama cha msingi cha kawaida kina bodi, meneja au katibu meneja, karani wa mizani na mlinzi wa ghala. Kina Afisa Ushirika wa wilaya anayepita kukitazama, na kinakaguliwa na COASCO. Mwanasheria hayumo katika orodha hiyo. Huyo hutafutwa mambo yakishaharibika, na hapo huja kama zimamoto anayefika nyumba ikiwa imebaki kuta.

Hoja ya makala haya ni kwamba mwanasheria wa ushirika kazi yake kubwa haiko mahakamani. Iko mezani, wiki mbili kabla ya saini. Na ushirika unaotaka kufanya biashara kubwa, hasa ile ya kununua bidhaa kwa jumla na kuziuzia familia moja moja, hauwezi kuendelea kuazima macho ya watu wengine.

Pamba ya mwaka 2019

Wakulima wa Kanda ya Ziwa hawajasahau msimu wa 2019. Mwaka mmoja kabla, Serikali ilikuwa imeelekeza kwamba pamba yote inunuliwe kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS. Msimu ulipofunguliwa Mei 2019, bei dira ilikuwa Sh 1,200 kwa kilo. Bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa miezi bila malipo ilhali pamba yao ilikwishapita kwenye mizani. Serikali ilibidi iingilie kati na kuzungumza na wanunuzi na mabenki.

Lawama zilipogawanywa, nyingi ziliangukia viongozi wa AMCOS, kwa sababu hao ndio mkulima anaowajua kwa sura. Wapo walioshindwa hata kupita sokoni. Lakini tukiacha hasira pembeni na kuutazama mkasa ule kwa jicho la sheria, tunakuta maswali ambayo yangepaswa kujibiwa kwenye karatasi mapema. Pamba ikitoka ghalani na kupakiwa kwenye lori, imekuwa mali ya nani? Je, chama kimenunua kwa mkulima na kumuuzia mwenye kiwanda, au ni wakala tu anayepokea ushuru kwa kazi ya kupima na kuhifadhi? Mnunuzi akichelewa siku 30, analipa nini zaidi? Bei ya dunia ikianguka, hasara ni ya nani?

Sheria ya mauzo ya bidhaa nchini inasema mali huhama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi pale ambapo pande mbili zilikusudia ihame. Kama hakuna palipoandikwa kusudio hilo, kila upande utakuja na kusudio lake. Sentensi moja tu, kwamba pamba inabaki kuwa mali ya wakulima hadi fedha itakapoingia kwenye akaunti ya chama, ingempa AMCOS nguvu ya kuidai pamba yenyewe ingali ghalani kwa mnunuzi, badala ya kudai deni kama wadai wengine wote waliopanga foleni. Ningependa kuona mwenye kiwanda anayekubali sharti hilo kwa furaha. Pengine angekataa. Lakini kukataa kwake kungekuwa taarifa muhimu kwa bodi kabla ya pamba kuondoka.

Maana ya ‘1984’ kwenye jina la chama

Ukiangalia mihuri ya vyama vikuu vya zamani utakuta namba ya mwaka: Mara Cooperative Union (1984) Ltd, Nyanza Cooperative Union (1984) Ltd, na wengine. Namba hiyo si pambo.

Chama kikuu kilichowahudumia wakulima wa pamba wa Ziwa Victoria, Victoria Federation of Cooperative Unions, kiliundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani na kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa barani Afrika. Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu vyote nchini, na shughuli zao wakapewa mamlaka za mazao. Kwa upande wa pamba ilikuwa Mamlaka ya Pamba Tanzania. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, navyo vikasajiliwa upya. Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, alikuja kukiri hadharani kwamba kuvifuta vyama vya ushirika lilikuwa moja ya makosa ya serikali yake.

Kwa mwanasheria, historia hiyo ni kichwa kinachouma. Chama kilichozaliwa upya mwaka 1984 si mtu yule yule aliyekufa 1976. Ghala lililojengwa kwa senti za wakulima mwaka 1958 lilipita mikono ya mamlaka ya zao kisha likarudishwa kwa chama chenye jina lingine. Hati ya kiwanja, kama ipo, inaweza kuwa bado na jina la marehemu. Na pale kijijini, ghala mara nyingi limesimama juu ya ardhi iliyotolewa na wazee kwa mdomo tu, wazee ambao sasa wako makaburini, na wajukuu zao wanapita wakipima kwa hatua.

Ndiyo maana hadithi ya Nyanza inapaswa kusomwa Mara kwa makini. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, vyama vikuu viliingia sokoni vikiwa na madeni mgongoni na bila mtaji wa kushindana. Madeni yalipoiva, viwanda na majengo ya Nyanza yalianza kutoka mikononi mwake. Miaka mingi baadaye, katika Serikali ya Awamu ya Tano, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliagiza mali hizo zifuatiliwe, na baadhi zilirejeshwa. Tuishukuru hatua hiyo. Lakini chama kinachosubiri Waziri Mkuu ndipo kipate jengo lake kina tatizo ambalo waziri mkuu hawezi kulimaliza.

Kuna siku za kuhesabu na bei za kupima ambazo ofisi ya sheria ya chama ingezijua kwa moyo. Sheria ya ardhi inataka mkopaji aliyeweka rehani na kushindwa kulipa apewe notisi, na deni lote halidaiwi mpaka siku 60 zipite tangu aipokee. Mwenye rehani anapouza anawajibika kutafuta bei bora inayoweza kupatikana. Akiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria inamhesabu kuwa amekiuka wajibu huo hadi athibitishe vinginevyo. Madai ya mkataba yana umri wa miaka sita, na madai ya kurudisha ardhi yana miaka 12. Mnunuzi aliyechukua mzigo kwa mkopo mwaka 2019 na hajalipa, wala hajakiri deni kwa maandishi, ifikapo mwaka 2026 anaweza kusimama mahakamani na kusema muda umepita, na akasikilizwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ushirika, daftari lipo. Anayekosekana ni mtu wa kuangalia kalenda.

Wenzetu wa Manchester

Ushirika wa maduka ulianzia Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1844, pale waanzilishi 28 walipofungua duka la unga, siagi, sukari na vitu vingine vichache vya nyumbani. Mrithi wa harakati hiyo ni kundi la Co-op lenye makao makuu mjini Manchester, lenye wanachama wapatao milioni 6.5 na maduka ya vyakula zaidi ya 2,000. Ukubwa huo hauwezi kulinganishwa na AMCOS yoyote ya Mara, na sitajaribu. Ninaloliona la kufaa ni aina ya kazi inayofanywa na wanasheria walioajiriwa na ushirika wa namna hiyo.

Wengi tunadhani wanashinda mahakamani. Kazi yao ya kila siku ni ya kuchosha zaidi ya hapo. Duka likipangishwa jengo, wao ndio wanaosoma mkataba wa pango: nani atatengeneza paa, kodi itapandaje, chama kinaweza kuondoka lini. Bidhaa mpya ikiletwa, wanatazama maandishi ya kwenye pakiti. Mfanyakazi akifukuzwa, wanauliza kama taratibu zilifuatwa. Mkutano wa wanachama ukiitishwa, wanapitia azimio ili lisije likabatilishwa. Na wanatazama mkataba na mwenye shamba au kiwanda anayeuzia ushirika mazao yake, yaani mtu kama wewe msomaji.

Hapo kwa mtu kama wewe ndipo pana funzo kubwa, kwa sababu Co-op yenyewe iliwahi kukosea. Uingereza ina kanuni, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inayowabana wenye maduka makubwa wasiwaonee wanaowauzia bidhaa, na kuna msimamizi wa kanuni hiyo. Mwaka 2018 msimamizi huyo alifungua uchunguzi dhidi ya Co-op, na ripoti yake ya mwaka 2019 ikasema ushirika huo ulikuwa umeivunja. Ulikuwa umeacha kununua bidhaa za watu bila kuwapa notisi ya kutosha, na ulikuwa umewatoza gharama kwenye maghala yake bila kuwataarifu ipasavyo. Co-op ilirudisha takriban pauni 650,000 kwa waliotozwa.

Kanuni ilikuwa inajulikana na wanasheria walikuwapo. Ripoti ilionyesha kwamba tatizo lilikuwa kwa maofisa ununuzi, ambao hawakuwa wamefundishwa vya kutosha, na katika usimamizi ambao haukuwa na nguvu ya kuwafuatilia. Kwa maneno mengine, sheria ilikuwa ghorofani na biashara ikifanyika chini. Ushirika wenye idara nzima ya sheria ulimwonea mzalishaji mdogo, si kwa ukorofi, bali kwa sababu aliyejua kanuni na aliyeshika simu ya kuagiza mzigo hawakuwa wanazungumza vya kutosha.

Mwaka 2025 ukaja mtihani mwingine. Wezi wa mitandao waliingia kwenye mifumo ya Co-op, na Julai mwaka huo mtendaji mkuu alithibitisha kwamba taarifa za wanachama wote milioni 6.5 zilikuwa zimenakiliwa. Sheria ya Uingereza inatoa saa 72 za kuitaarifu mamlaka ya ulinzi wa taarifa pale uvunjaji wa aina hiyo unapogundulika. Saa 72 hazitoshi kuanza kutafuta wakili, kumweleza chama ni nini na kujadiliana naye ada.

Mtu asiseme hayo ni mambo ya Ulaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa hapa nchini mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Wanachama wa ushirika sasa wanaandikishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa vyama, na mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku anaacha jina, namba ya simu na ukubwa wa shamba lake. Chama kinachotunza orodha hizo kina wajibu kisheria, hata kama kompyuta yenyewe ni moja na inakaa chini ya meza ya katibu.

Duka la pembejeo

Tanzania si mara ya kwanza kutaka ushirika wa maduka. Mwaka 1962 iliundwa COSATA ili kuyapelekea maduka ya ushirika bidhaa kwa jumla. Haikudumu, baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, biashara ya jumla iliwekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, kisha zikaja kampuni za biashara za mikoa. Wenye umri wanaikumbuka Operesheni Maduka ya 1976 na foleni za sukari zilizofuata miaka ile. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayowafanya wafanyabiashara wadogo wa Musoma wakunje uso wakisikia maneno ‘duka la ushirika’.

Hata hivyo, ushirika wa leo unarudi kwenye rejareja kwa mlango mwingine, yaani pembejeo. Mbegu, viuadudu vya pamba, mbolea, vinyunyizi na maturubai. Chama kikuu kinachonunua kwa jumla na kuvisambazia vyama vya msingi, navyo vikamuuzia mkulima mmoja mmoja, ni ushirika wa rejareja hata kama hakuna aliyeweka kibao cha duka mlangoni.

Na hapo ndipo sheria zinapomiminika. Mbegu zina sheria yake ya mwaka 2003 na taasisi yake, TOSCI. Mbolea ina sheria ya mwaka 2009 na TFRA. Viuatilifu viko chini ya TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kila moja ina usajili na masharti ya kuuza na kuhifadhi. Bidhaa bandia zina sheria ya alama za bidhaa na Tume ya Ushindani. Mfanyabiashara binafsi akikosea, anaumia yeye. Ushirika ukikosea, wanaumia walionunua dawa na wanaumia tena walipokuwa wanachama wa aliyewauzia.

Tuchukulie mfano, na ni mfano tu. Chama kinapokea makopo ya kiuadudu kutoka kwa msambazaji wa Mwanza. Wakulima wananyunyiza, funza wanaendelea kula vitumba kana kwamba wamepuliziwa maji. Wanachama wanakuja ofisini na makopo matupu. Msambazaji anasema dawa ilitoka kwake ikiwa nzima, labda imeharibiwa na joto la ghala lenu. Nani ana ushahidi?

Ofisi ya sheria ya chama ingekuwa imeshamaliza ubishi huo miezi mitatu nyuma. Ingehakikisha namba za usajili za dawa zimekaguliwa, na namba za toleo la makopo zimeandikwa kwenye hati ya kupokelea mzigo. Ingeagiza makopo machache ya kila toleo yafungiwe kama sampuli, mbele ya pande zote mbili. Kisha ingeweka kifungu kinachosema dawa ikithibitika kuwa bandia au imekwisha muda, msambazaji atarudisha fedha na kubeba fidia itakayodaiwa na wakulima. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji hakimu. Linahitaji mtu anayelipwa kuwaza mabaya wakati wengine wote wanawaza msimu mzuri.

Jambo dogo ambalo huwagharimu wengi ni ushuru wa stempu. Mkataba usiolipiwa ushuru huo hauwezi kupokewa kama ushahidi mpaka ulipiwe, pamoja na adhabu. Kuna kesi zinazokwama siku ya kwanza kwa sababu ya karatasi ambayo kuilipia kwa wakati wake kungekuwa kazi ya asubuhi moja.

Jingine ni lugha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Bado mikataba mingi ya mikopo na ununuzi inaletwa vijijini kwa Kiingereza kigumu, na viongozi wa chama wanaona haya kusema hawajaelewa. Bodi ina haki ya kudai mkataba kwa Kiswahili, na kudai siku za kuusoma. Anayekuharakisha usaini leo ana sababu zake, si zako.

Milango ya kubisha

Eneo linalochanganya vyama kuliko yote ni la migogoro. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, pamoja na kanuni zake za 2015, inataka ugomvi wa ndani ya chama, kati ya wanachama, bodi na chama chenyewe, uanze kwa maelewano. Yakishindikana unakwenda kwa Mrajis, na asiyeridhika anakata rufaa kwa Waziri. Wanaoruka ngazi na kukimbilia mahakamani wamekuwa wakirudishwa mikono mitupu, si kwa kuwa hawana haki, bali kwa kuwa wamebisha mlango usio wao.

Ugomvi na mtu wa nje, kama mnunuzi wa pamba au mwenye lori, ni kitu kingine. Huo unakwenda mahakamani au kwa msuluhishi aliyetajwa kwenye mkataba. Chama kisicho na mwanasheria huchanganya njia hizo, na wakati kinapoelekezwa upya, miaka ile sita inazidi kuyoyoma.

Kuna pia ukomo wa madeni. Chama hakiruhusiwi kukopa zaidi ya kiwango kilichopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Meneja anayesaini mkopo uliopita kiwango hicho anakitia chama kwenye mgogoro na benki, na anajitia mwenyewe hatarini, kwa sababu sheria inampa Mrajis uwezo wa kumwagiza kiongozi aliyesababisha hasara aifidie mfukoni mwake. Wajumbe wa bodi wengi hawalijui hilo mpaka barua ifike.

Mwanasheria ni wa nani?

Hapa lazima tuseme jambo lisilowapendeza mameneja. Mwanasheria wa ndani anaweza kuwa kinga ya chama, na anaweza kuwa kinga ya meneja dhidi ya chama. Akiajiriwa na meneja, akapandishwa mshahara na meneja na kuripoti kwa meneja peke yake, siku meneja atakapotaka kuuza kiwanja cha chama kwa rafiki yake tutakuta karatasi zote zimenyooka, maana zitakuwa zimenyooshwa na mtaalamu.

Mteja wa mwanasheria huyo ni chama, mtu wa kisheria aliyesajiliwa, na si kiongozi aliyeko ofisini. Kwa hiyo masharti ya chama yanapaswa kumpa njia ya kufika mbele ya bodi bila kupitia kwa meneja, na kusoma maoni yake kwenye mkutano mkuu kabla mali isiyohamishika haijauzwa au kuwekwa rehani. Kumfukuza kuwe ni uamuzi wa bodi nzima, na sababu iandikwe kwenye kumbukumbu. Bila hayo ni afadhali kukodi wakili wa nje kwa kila mkataba, ghali lakini asiye na deni la fadhila kwa mtu.

Wapo watakaosema Serikali ina wanasheria wa kutosha, watusaidie. Hapana. Ushirika ni mali ya wanachama. Wakili Mkuu wa Serikali anaitetea Serikali, hana kazi ya kutetea chama dhidi ya mnunuzi wake. Msaada wa kisheria unaotolewa chini ya sheria ya mwaka 2017 umekusudiwa kwa watu wasio na uwezo wa kulipa, na haukuandaliwa kupitia mikataba ya biashara ya maelfu ya tani. Mrajis naye ni msimamizi. Huwezi kumgeuza mwamuzi kuwa mchezaji wako.

Gharama

Chama cha msingi kimoja cha Kiriba hakiwezi kuajiri mwanasheria, na hakipaswi kujaribu. Hesabu inabadilika vyama vikiungana. Tuseme vyama 40 vya Musoma, Bunda na Butiama vinachangia Sh 50,000 kila kimoja kwa mwezi. Hiyo ni Sh milioni 2 kwa mwezi, Sh milioni 24 kwa mwaka, kiasi ambacho kinaweza kumweka kijana mmoja aliyehitimu sheria, pikipiki yake na kabati la nyaraka. Si lazima awe wakili mzoefu. Wakili, yule aliyepita Shule ya Sheria na kuapishwa, anahitajika pale kesi inapokwenda mahakamani na anaweza kukodiwa siku hiyo. Anayehitajika kila siku ni wa kusoma, kuandika na kukumbuka tarehe.

Mahali pake pa asili ni kwenye chama kikuu, kwani huko ndiko mikataba mikubwa inakojadiliwa. Wenzao wa Tarime wana WAMACU, kinachofahamika zaidi kwa kahawa. Wakulima wa pamba wa upande wa ziwa wanaweza kulinganisha nao jinsi ya kugawana gharama za wataalamu. Vikundi vya wavuvi na wafugaji wa samaki wa vizimba kandokando ya barabara ya Musoma–Makojo–Busekera, ambao nao sasa wanasaini mikataba ya mikopo na ya kuuziwa chakula cha samaki, wangeweza kuingia kwenye mpango huo huo.

Mwaka wa kwanza wa mtu huyo, kwa maoni yangu, usipotee kwenye kesi. Umpeleke kwenye maghala. Aandike kila ghala liko kwenye ardhi ya nani na kwa karatasi gani, aanze safari ya hati za hakimiliki za kimila pale ambapo hakuna karatasi, na aandike barua za kudai madeni yote ambayo hayajatimiza miaka sita. Baada ya hapo aandae mkataba mmoja wa mfano wa kuuza pamba na mmoja wa kununua pembejeo, kwa Kiswahili, ili mnunuzi akija na wake, chama kiwe na cha kuweka mezani.

Fedha za kazi hiyo huombwa kwenye makisio ya mapato na matumizi, ambayo hupita kwenye mkutano mkuu pamoja na ukomo wa madeni kabla ya kupelekwa kwa Mrajis. Mwanachama yeyote anaweza kunyoosha mkono na kuuliza fungu la mwanasheria liko ukurasa gani. Makisio yakishapita bila fungu hilo, kinachofuata ni Mei, mizani inafunguliwa, na wanunuzi wanaanza kufika na karatasi zao.